Maumivu ya mgongo ya muda mrefu: je, utaweza kubeba tena?



Katika maisha ya kambini hakuna siku inayopita bila kubeba kitu. Maji yanatoka bombani kwa dumu, au bidoni kama wengine wanavyoliita. Kuni zinabebwa. Siku ya mgao, unga, maharage na mafuta lazima vifike nyumbani. Mtoto mdogo naye analilia mgongo wa mama. Kwa hiyo mtu anayeumwa mgongo bila kupona anapoteza mambo mengi. Binti anaacha kwenda shule ili achote maji, na sehemu ya unga inatolewa kumlipa mbebaji. Mwenyewe anaanza kujiona mzigo kwa wenzake.

Watu wengi wenye tatizo hili husema: "Nipewe kwanza dawa, maumivu yaishe, ndipo nianze tena kubeba." Katika makala hii tunaeleza kwa nini mpango huo mara nyingi haufaulu, na jinsi tiba ya utengamao inavyoweza kukurudishia uwezo wa kubeba hata kabla maumivu hayajaisha.

Maumivu ya muda mrefu ni yapi?

Maumivu ya mgongo wa chini, yaani kati ya mbavu na makalio, huitwa ya muda mrefu yakiendelea zaidi ya miezi 3. Tatizo hili si la wakimbizi peke yao wala la wazee peke yao. Inakadiriwa kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hakuna tatizo jingine la afya linalozuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao.

Kwa wagonjwa wengi, daktari hapati ugonjwa mmoja unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Hii haina maana kwamba maumivu ni ya kubuni. Maana yake ni kwamba hakuna mfupa uliovunjika, hakuna uvimbe, hakuna maambukizi. Hata picha za vipimo vikubwa zinaweza kupotosha. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walipiga picha migongo ya watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Ni 36 tu kati ya kila 100 waliokutwa na diski zote za kawaida, yaani zile nyama ngumu zinazokaa kati ya pingili. Wengine wote walikuwa na diski iliyovimba au kusogea kidogo, na bado hawakuumwa.

Kwa hiyo ukiambiwa "diski yako imesogea", usifikiri kwamba mgongo wako umeharibika na hautabeba tena.

Kwa nini uwezo wa kubeba unapungua?

Mtu akiumwa mgongo kwa miezi au miaka, mambo matatu hutokea pamoja.

*Kwanza, misuli inalegea.* Misuli isiyofanya kazi hupungua nguvu. Hii inahusu misuli ya mgongo, ya tumbo, ya makalio na ya mapaja. Mtu anapoinua mzigo kutoka chini, kazi kubwa hufanywa na makalio na mapaja. Hiyo ikidhoofika, mgongo unaachiwa kazi isiyo yake.

*Pili, mwili unajikaza.* Mtu mwenye mgongo mzima akiinama hadi mwisho, misuli ya mgongo wake hupumzika yenyewe. Kwa watu wengi wenye maumivu ya muda mrefu, misuli hiyo haipumziki. Inabaki imekaza, kama mtu anayesubiri kupigwa. Misuli iliyokaza wakati wote huchoka haraka, na misuli iliyochoka huuma.

*Tatu, hofu inaingia.* Mtu anakumbuka siku alipoinua gunia na kusikia maumivu makali. Tangu siku hiyo, kila akiona dumu anajizuia. Akijizuia, anadhoofika. Akidhoofika, hata mzigo mdogo unamuumiza, na hofu inaongezeka. Ni duara ambalo mtu hawezi kutoka kwa kulala kitandani.

Wengi wetu tumepita pia katika vita, safari ndefu, vipigo na misiba. Usingizi mbaya na mawazo mengi huifanya mishipa ya fahamu iwe myepesi kupiga kengele. Kitu ambacho zamani kingeonekana kidogo, sasa mwili unakisikia kuwa ni maumivu makubwa. Hayo ni maumivu ya kweli, na nayo yanatibika.

Tiba ya utengamao ni nini?

Utengamao ni kumsaidia mtu arudi kwenye shughuli zake kwa kuuzoesha mwili hatua kwa hatua. Kwa maumivu ya mgongo, tiba hii ina mambo manne:

• Maelezo: kuelewa kwamba kuumia kwa mgongo na kuharibika kwa mgongo ni vitu viwili tofauti.
• Mazoezi ya viungo ya kuongeza nguvu na wepesi.
• Kuzoea tena kazi yenyewe unayoikwepa, kwa mfano kuinama na kuinua dumu.
• Ushauri nasaha kwa mwenye hofu, huzuni au kukosa usingizi.

Tiba hii husimamiwa na mtaalamu wa viungo (fiziotherapia), lakini sehemu kubwa unaifanya mwenyewe nyumbani. Haihitaji mashine.

Inabadilisha nini katika kubeba?

Hapa ndipo penye jambo la msingi la makala hii. Watu wengi hutegemea kwamba maumivu yatapungua kwanza, halafu nguvu ifuate. Mara nyingi huwa kinyume. Uwezo wa kubeba hupanda kwanza, na maumivu hupungua polepole nyuma yake, wakati mwingine kidogo tu.

Katika wiki za mwanzo, nguvu huongezeka hata kabla misuli haijanenepa. Sababu ni kwamba ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza upya kuitumia misuli iliyopo. Misuli yenyewe hukua baadaye, baada ya wiki nyingi za mazoezi. Wakati huohuo hofu inashuka, kwa sababu mtu ameinua lita 5 leo, lita 6 wiki ijayo, na mgongo haukukatika. Mtu ambaye haogopi hajikazi, na asiyejikaza hachoki upesi.

Tangu miaka ya 1980 wataalamu wamekuwa wakipima jambo hili. Mwaka 1988 Tom Mayer na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio rahisi: mgonjwa anainua sanduku kutoka sakafuni hadi kiunoni, na uzito unaongezwa kidogokidogo hadi aseme basi. Majaribio ya namna hii hurudiwa mwanzoni na mwishoni mwa tiba. Yamesaidia kuonyesha kwamba kikomo cha mgonjwa siku ya kwanza mara nyingi si kikomo cha mifupa wala cha misuli yake. Ni pale maumivu au hofu ilipomsimamisha.

Tuseme ukweli pia kuhusu maumivu yenyewe. Mwaka 2021 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 249 ya mazoezi kwa watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Kwenye kipimo cha 0 hadi 100, waliofanya mazoezi walikuwa na maumivu pungufu kwa takriban alama 15 kuliko wale ambao hawakutibiwa au walipata huduma ya kawaida. Ni nafuu ya kweli, lakini si muujiza. Kwa hiyo usijipime kwa kuuliza "Je, bado naumwa?" peke yake. Jiulize pia: "Mwezi uliopita nilibeba lita ngapi, na leo nabeba ngapi?"

Dumu kama mizani yako

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, pamoja na uzito wa dumu lenyewe, karibu kilo 1. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini (NIOSH) iliweka kilo 23 kuwa uzito wa juu wa kuinua kwa mikono pale mambo yote yakiwa mazuri: mzigo uko karibu na mwili, hauko chini kabisa, mtu hajipindi na hainui mara nyingi. Dumu lililojaa likiwa chini ardhini ni zito hata kwa mtu asiyeumwa. Usione aibu kuanza na maji kidogo.

Kabla ya kuanza, muone mhudumu wa afya akupime. Hii ni muhimu zaidi ikiwa una ujauzito, umejifungua karibuni, una ngiri, kizazi kinashuka, umefanyiwa upasuaji wa fistula, au una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo.

*Wiki ya 1 na ya 2: amsha mwili.* Tembea kila siku, kwa mfano dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Fanya pia haya, mara 8 hadi 10 kila moja:

• Kaa kwenye kiti au benchi, simama, kaa tena, bila kutumia mikono.
• Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, inua makalio juu, hesabu hadi 5, shusha.
• Piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha badilisha.
• Simama, sukuma makalio nyuma na inama taratibu huku ukiteleza viganja kwenye mapaja hadi magotini, kisha simama wima.

*Wiki ya 3 na ya 4: tafuta kiwango chako.* Weka dumu lenye lita 3 juu ya benchi au tofali zinazofika magotini. Liinue hadi kiunoni, lirudishe. Fanya mara 8. Ukiweza bila shida, siku ya mazoezi inayofuata jaribu lita 4, kisha 5. Ukifika mahali ambapo maumivu yanaongezeka hadi kesho yake, rudi nyuma lita 1. Hapo ndipo pa kuanzia.

*Kuanzia wiki ya 5: panda ngazi.* Fanya mara 8 hadi 10, pumzika dakika 2, rudia. Siku 3 kwa wiki zinatosha, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki ikienda vizuri, ongeza lita 1. Usiongeze lita 3 kwa sababu leo unajisikia vizuri. Baada ya kuzoea, punguza kimo cha benchi hadi uweze kuinua kutoka chini. Kisha anza kutembea na mzigo, hatua 20, halafu 50, halafu hadi nyumbani.

Aliyeanza na lita 5 na kuongeza lita 1 kila wiki atafika lita 15 baada ya wiki 10. Huenda ukachelewa zaidi ya hapo, na wengine hubaki kwenye lita 10. Lakini mtu anayebeba lita 10 mara mbili amefikisha lita 20 nyumbani.

Namna ya kuinua

Jambo la kwanza ni kuweka mzigo karibu na mwili. Misuli ya mgongo iko kama sentimita 5 tu nyuma ya kitovu cha pingili. Ukishika kilo 10 mbele yako kwa umbali wa sentimita 50, misuli hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu ya karibu kilo 100. Ukiuleta mzigo huohuo hadi sentimita 25, nguvu inayohitajika inapungua hadi nusu. Kwa hiyo sogea, kumbatia mzigo, ndipo uinue.

• Weka mguu mmoja mbele kidogo. Kunja magoti na nyonga kadiri unavyoweza.
• Toa pumzi unapoinua. Usizuie pumzi.
• Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usijipinde kiuno mzigo ukiwa mikononi.
• Madumu mawili madogo, moja kila mkono, ni bora kuliko moja kubwa upande mmoja.
• Wanaojitwika kichwani na wanaobeba mgongoni kwa kamba ya kipaji cha uso, kama ilivyo desturi ya Kivu, waombe mtu awasaidie kupandisha na kushusha. Hapo ndipo mgongo na shingo huumia.
• Toroli au baiskeli ikipatikana, itumie. Kupumzisha mwili siku ya mzigo mkubwa si uvivu.

Watu wengi wameambiwa kwamba ni lazima kuinua kwa mgongo ulionyooka kabisa. Mgongo umeumbwa kuinama. Mizigo midogo unaweza kuinama nayo kwa kawaida, bila hofu. Kinachohitaji uangalifu ni mzigo mzito na kuongeza haraka.

Maumivu yakiongezeka

Ukianza mazoezi utasikia misuli ikiuma. Tumia kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu na 10 ni maumivu makali kabisa. Yakipanda kwa alama 1 au 2, na ndani ya siku moja yakarudi yalipokuwa, endelea. Yakibaki juu hadi kesho yake, punguza lita 2 kwa wiki moja, kisha panda tena.

Kutakuwa na siku mbaya. Usirudi sifuri na usilale kutwa nzima. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya jaribio kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki walioshikwa na maumivu ya mgongo ya ghafla. Walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko walioambiwa walale kitandani siku 2. Tembea kidogo, punguza mzigo, endelea.

Maswali tunayoulizwa

*Je, mkanda wa kiuno unasaidia?* Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini, Shirika la Afya Duniani (WHO) halikupendekeza mikanda ya mgongo wala kuvutwa mgongo. Lilipendekeza elimu, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama kukandwa, tiba ya kisaikolojia, na dawa za jamii ya ibuprofeni kwa wanaofaa.

*Mbona nanyimwa dawa kali?* Mwongozo huohuo haukupendekeza dawa za jamii ya tramadoli na mofini kwa maumivu haya, kwa sababu madhara na uraibu wake ni mkubwa. Hata ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Usinunue dawa hizi sokoni bila kupimwa.

*Mimi ni mzee, nimechelewa?* Hapana. Misuli ya mzee nayo hupata nguvu ikizoezwa. Anza na mzigo mdogo zaidi, na panda polepole zaidi.

*Je, familia inisaidie vipi?* Wasikufanyie kila kitu, na wasikulazimishe. Kubalianeni: "Wiki hii mama anachota lita 5, zilizobaki tunachota sisi." Wiki ijayo ongezeni.

Dalili za hatari

Usianze mazoezi. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona:

• Mkojo unagoma kutoka, au mkojo au choo kinatoka bila kujizuia.
• Ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja.
• Mguu mmoja au yote miwili inaishiwa nguvu.
• Maumivu makali baada ya kuanguka, kupigwa au ajali.

Fika kituoni mapema pia ukiwa na homa, jasho jingi usiku, kupungua uzito, kikohozi cha muda mrefu, au kinundu kilichojitokeza kwenye uti wa mgongo. Kifua kikuu kinaweza kushambulia pingili, na kinatibika kwa dawa kikigunduliwa mapema. Mtoto anayeumwa mgongo, mtu aliyewahi kuugua saratani, na mwenye maumivu yanayozidi usiku hata akiwa amelala, nao wapimwe.

Kumbuka

• Mgongo unaouma si lazima uwe mgongo ulioharibika.
• Usisubiri maumivu yaishe ndipo uanze. Anza na mzigo mdogo.
• Ongeza lita 1 kwa wiki, si zaidi.
• Siku mbaya punguza mzigo, lakini usiache.
• Ukiona dalili ya hatari, nenda kituoni mara moja.

Kama hujui uanzie wapi, muulize mhamasishaji wa afya anayepita mtaani kwako, au fika kituo cha afya na uombe kuonana na mtaalamu wa viungo. Njoo na dumu lako tupu, ili akuonyeshe mwenyewe kiasi cha maji cha kuanzia.